Milioni 120 mkononi: kodi ya Mwalimu aliyeuza nyumba Kibada

Dalali alipomleta mnunuzi, Mwalimu alisema maneno matano tu: "Mia na ishirini, mkononi mwangu." Mnunuzi akatikisa kichwa kukubali, dalali akatabasamu, soda zikaletwa. Miezi minne baadaye watu hao hao watatu walikuwa ofisini kwangu hawatazamani usoni, na milioni 20 za mwisho zilikuwa hazijatoka kwenye akaunti ya mnunuzi.

Nitamwita Mwalimu tu, maana ndivyo anavyoitwa Kibada yote, huko Kigamboni. Mimi kazi yangu ni hesabu na kodi, na nyumba inapouzwa mara nyingi naitwa jahazi likiwa limeshaanza kuingia maji. Tarakimu za kisa hiki nimezisawazisha kidogo ili zihesabike bila kikokotoo. Sheria ninayoitumia ni ya Tanzania Bara kama ilivyokuwa mwaka 2024, alipouza. Sheria ya Fedha huja kila Julai, kwa hiyo anayesoma baadaye aulizie viwango kwanza.

Kiwanja alikipata mwaka 2004, katika ule mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, kwa shilingi 950,000 alizolipa kwa awamu. Kigamboni ya wakati huo ilikuwa ya pantoni. Ukikosa ya saa kumi na mbili asubuhi, umechelewa kazini, na wenzake walimcheka kwa kwenda kujenga "ng'ambo". Alianza msingi mwaka 2005, akajenga kama walimu wengi wanavyojenga: mshahara ukitoka, mifuko kumi ya saruji, mkopo wa chama cha akiba ukitoka, mabati. Alihamia mwaka 2009 nyumba ikiwa haina dari. Mwaka 2015 akaweka uzio na kisima. Mwaka uliofuata daraja la Kigamboni likafunguliwa, na wale waliomcheka wakaanza kumuulizia viwanja.

Alipostaafu mwaka 2019 yeye na mzee wake, yaani mumewe, walirudi Morogoro, nyumba ikabaki na mpangaji. Mwaka 2024 wakaamua kuiuza. Hati ipo, jina lake, hakuna mkopo wa benki juu yake. Kwa kuitazama ni nyumba safi kabisa ya kuuza.

Neno lililowakosanisha ni "mkononi". Kwa Mwalimu, mkononi maana yake ni kwamba baada ya kila mtu kuchukua chake, yeye anabaki na milioni 120 kamili. Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba anamlipa Mwalimu mwenyewe na si dalali, na habari za serikali kila mtu atajijua. Dalali alijua maana zote mbili akaziacha zipite, kwa sababu kamisheni ya asilimia tano haingoji tafsiri. Mkataba ulioandikwa na wakili ulikuwa na mstari mmoja tu wa kuhusika: "Gharama zote za uhamisho wa hati zitabebwa na mnunuzi."

Mnunuzi alilipa milioni 100, akaanza kufuatilia uhamisho. Huko ndiko alikoambiwa kwamba Msajili wa Hati hasajili uhamisho bila cheti cha Mamlaka ya Mapato kuonyesha kwamba kodi ya ongezeko la mtaji imelipwa. Mtaani wanaiita kapitali geini. Wengine wakisikia "ongezeko" wanadhani ni ile VAT ya dukani, wanaanza kutafuta asilimia 18. Hazina undugu. Hii ni kodi ya mapato, na anayetozwa ni aliyepata faida kwa kuuza.

Mnunuzi akapiga simu Morogoro: "Shikamoo Mwalimu. Kuna kodi yako huku, nikuombe uilipe ili nimalizie ile ishirini." Mwalimu akajibu kwamba kodi ni gharama ya uhamisho, na gharama za uhamisho mkataba umempa nani? Hapo ndipo nilipoitwa.

Sehemu hii nilidhani itakuwa ngumu, kumbe ilikuwa nyepesi. Gharama za uhamisho ni zile zinazozaliwa na kitendo cha kuhamisha: ushuru wa stempu, ambao ni asilimia moja ya thamani, ada ya usajili, uthamini, na fomu za ardhi namba 29, 30 na 35. Kodi ya ongezeko la mtaji inazaliwa na faida, na faida ni ya muuzaji. Sheria inamtazama yeye. Watu wawili wanaweza kukubaliana mnunuzi aibebe, hakuna anayewakataza, lakini inabidi kodi itajwe kwa jina lake kwenye mkataba. Na hata mkikubaliana hivyo, mimi naona kiasi mnunuzi anachokulipia ni sehemu ya bei aliyokupa, kwa kuwa amekupunguzia deni lako. "Mkononi" haiwezi kubeba yote hayo peke yake.

Mwalimu alinisikiliza, akakunja miwani. "Kwa hiyo mwanangu, unaniambia niliuza bila kujua nimeuza kiasi gani."

Ndivyo ilivyokuwa.

Swali lililofuata ndilo lililotuchukua wiki mbili: kodi yenyewe ni kiasi gani?

Watu wengi husikia kwamba nyumba uliyoishi mwenyewe haina kodi. Ni kweli nusu. Msamaha upo kwa makazi binafsi ya mtu aliyeyamiliki mfululizo kwa miaka mitatu au zaidi, na akaishi humo kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi, iwe kwa mfululizo au kwa vipindi. Mwalimu alimiliki miaka 20 na kuishi 10. Kwamba miaka mitano ya mwisho alikaa mpangaji hakukumwondolea sifa hiyo, kwa sababu miaka hujumlishwa. Tatizo lake liko kwenye sharti jingine: faida isizidi shilingi milioni 15. Nyumba iliyojengwa Kibada kabla ya daraja na kuuzwa baada ya daraja haiwezi kuwa na faida ya milioni 15 tu. Labda mwenyewe aiuze akiwa usingizini.

Kwa hiyo yumo kwenye kodi. Kuna njia mbili za kuihesabu kwa mtu mkazi.

Ya kwanza ni ya asili: asilimia 10 ya faida. Unachukua bei uliyouzia, unatoa gharama ya kununua, ya kujenga na kuboresha, na ya kuuza kwenyewe, kama kamisheni ya dalali. Kinachobaki ndicho kinachotozwa. Gharama hizo ziwe na ushahidi.

Ya pili ililetwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, kwa mkazi asiye na kumbukumbu za gharama: asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyoidhinishwa na mthamini wa serikali, ile iliyo kubwa. Hapa hakuna kutoa chochote. Hawakuulizi saruji.

Mtu akisikia hivi haraka haraka anasema njia ya pili ni adhabu kwa wazembe, na yenye risiti ni zawadi kwa waangalifu. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipofungua boksi la mzee.

Mume wa Mwalimu alikuwa karani wa ghala maisha yake yote. Kila karatasi ya ujenzi aliitia kwenye boksi la viatu, akaifunga kwa raba ya mpira wa baiskeli. Alilileta mwenyewe kutoka Morogoro kwa basi, amelipakata. Ndani kulikuwa na barua ya toleo ya kiwanja na stakabadhi zake za serikali. Kulikuwa na risiti za mkono za kati ya 2005 na 2009, wino wa bluu wa kaboni, bado zinasomeka vizuri kabisa: "saruji mifuko 40 @ 7,800". Leo bei hiyo inanunua kama nusu mfuko. Chini kabisa kulikuwa na bahasha ya uzio na kisima ya mwaka 2015. Hizo zilikuwa risiti za mashine, zile za kisasa, zenye nembo na namba ya mlipakodi. Tulizitoa moja moja na kuziweka mezani. Zote nyeupe. Joto la miaka tisa limekula maandishi yote. Ukizigeuza kwenye mwanga unaona kivuli cha tarakimu mbili tatu. Mzee alizishika akaziangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Za mhindi wa Kariakoo zimebaki, za kompyuta zimekimbia."

Tukajumlisha hata hivyo, tukichukulia kila karatasi itakubaliwa, pamoja na zile nyeupe ambazo mzee alikuwa ameandika kiasi nyuma kwa kalamu. Kiwanja 950,000. Vifaa vya nyumba milioni 17.4. Uzio na kisima milioni 8.65. Jumla milioni 27 kamili. Ongeza kamisheni ya dalali milioni 6, inakuwa milioni 33. Toa kwenye 120, faida ni milioni 87. Asilimia kumi yake ni milioni 8.7.

Kisha nikafanya hesabu ya njia ya pili, ya asiye na kumbukumbu: asilimia 3 ya milioni 120 ni milioni 3.6.

Mzee alikuwa wa kwanza kuelewa. Akavuta boksi likaja kwake, akaliuliza boksi, si mimi: "Sasa nimekutunza miaka 19 ili unitoze milioni tano?"

Nilijaribu namna nyingine. Nilimwambia Mwalimu anipe makadirio ya kila kitu, hata kisicho na karatasi: mafundi, maji ya boza, chakula cha vibarua, milango iliyoibiwa ikanunuliwa tena. Alifika kwenye milioni 50 hivi. Hata tungeaminiwa neno kwa neno, 120 toa 50 toa 6 ya dalali ni 64, na kodi ni milioni 6.4. Bado inaizidi ile ya asilimia tatu kwa mbali.

Ukikaa na hizi namba unaona mpaka uko wapi. Asilimia 3 ya bei inakuwa sawa na asilimia 10 ya faida pale faida inapofika asilimia 30 ya bei. Kwa nyumba ya milioni 120, Mwalimu angehitaji gharama zenye ushahidi zaidi ya milioni 84 ili boksi lianze kumfaa. Kwa mtu aliyejenga kidogo kidogo miaka ishirini iliyopita hilo haliwezekani, kwa sababu hesabu hii inalinganisha shilingi ya 2005 na shilingi ya 2024 kana kwamba ni pacha. Saruji ya 7,800 inaingia kwenye gharama kama 7,800. Sehemu kubwa ya "faida" ya Mwalimu ni shilingi kupungua nguvu, na kodi haina jicho la kuona hilo.

Risiti zinamfaa mwingine kabisa. Chukua mtu aliyenunua nyumba iliyokamilika mwaka 2021 kwa milioni 100 kwa mkataba na malipo ya benki, akaiuza 2024 kwa 120. Faida milioni 20, kodi milioni 2. Angekuwa amepoteza mkataba wake angelipa 3.6. Na kama alinunua kwa 107 akaishi humo miaka mitatu kamili, faida ni 13, iko chini ya ile milioni 15, halipi kitu. Huyo karatasi moja imemwokolea milioni 3.6 nzima.

Kwa hiyo wale wanaoimba "tunza risiti" kwa kila mtu wanasema jambo jema ila hawajafanya hesabu. Nami nilikuwa kwenye kwaya hiyo.

Basi Mwalimu akaniuliza lile swali. Aliuliza polepole, kwa sauti ya mtu anayejua jibu: "Tukizichoma?"

Nitasema wazi nilichojibu, kwa sababu nimesikia wenzangu wakijibu vingine. Asilimia 3 si menyu ya kuchagua. Imewekwa kwa asiye na kumbukumbu, na mtu anayechoma kumbukumbu ili awe hana, ameongeza kosa juu ya kodi. Tena stakabadhi za kiwanja nakala zake ziko serikalini. Huwezi kuchoma faili la ardhi. Nilimwambia tupeleke boksi zima kama lilivyo, na barua inayoeleza kila kilichomo na kila kisichokuwamo, halafu waamue wao.

Na ukweli ni kwamba boksi halikuwa kumbukumbu kamili ya gharama, hata kama lilikuwa zito. Hakuna hata senti ya fundi iliyokuwa na karatasi, na ufundi ni sehemu kubwa ya nyumba yoyote. Risiti za mkono nyingi zimeandikwa "Bwana Mwalimu" au "Cash", hazina jina la mwenye hati. Za 2015 hazisomeki. Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana mtulivu. Alizipitia kwa nusu saa, akaweka rula juu ya risiti moja nyeupe kana kwamba maandishi yatarudi akiibana, kisha akasema gharama haziwezi kuthibitishwa, hesabu ifuate asilimia tatu. Nilishukuru. Nilishukuru nikiwa na kinyongo kidogo pia, kwa sababu siku mzee atakapokuja mwenye boksi kama lile na risiti zote zinasomeka, sijui nitamtazamaje nikimwambia utunzaji wake umemgharimu.

Kabla ya hapo palikuwa na jambo la mikataba miwili, ambalo nalieleza kwa sababu kila nyumba ninayoitiwa lipo. Dalali, alipoona mambo yamekwama, alikuja na suluhisho: tuandike mkataba mwingine wa milioni 70, huo ndio uende Mamlaka, ule wa 120 ukae kabatini. Mwalimu ataokoa milioni moja na nusu kwenye asilimia tatu, na mnunuzi laki tano kwenye ushuru wa stempu. Alilisema kama mtu anayependekeza njia ya mkato ya kukwepa foleni ya Mbagala.

Sikumhubiria. Nilimgeukia mnunuzi, kijana mwenye biashara ya vipuri, nikamwuliza nyumba ataikaa au ataiuza. Akasema ataikaa, ila nani ajuaye. Nikamwandikia kwenye karatasi: ukiiuza baada ya miaka michache kwa milioni 133, na mkataba wako unasema 120, faida ni 13, umeishi humo, hudaiwi. Mkataba wako ukisema 70, faida ni 63, unadaiwa milioni 6.3. Laki tano ya leo inakununulia deni la milioni sita. Na kesho mkikosana na Mwalimu mkaenda barazani kudaiana milioni 20 zilizobaki, utaonyesha mkataba upi? Aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni, na mkataba wa milioni 70 haukutajwa tena.

Isitoshe ule ujanja ungegonga ukuta kwa mthamini. Kwa uhamisho huu ilitakiwa ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Ripoti ilipotoka ilisema nyumba ina thamani ya milioni 128. Kwa kuwa njia ya asilimia tatu inachukua kilicho kikubwa kati ya bei na thamani iliyoidhinishwa, kodi ya Mwalimu haikuwa 3.6 tena, ikawa 3.84. Aliuliza kwa nini atozwe kwa fedha ambazo hakuzipokea. Nilimjibu kwamba kipengele hicho kimetegwa kwa ajili ya wale wa mikataba miwili, naye amepita karibu na mtego akakwaruzwa laki mbili na arobaini. Hakucheka.

Mambo madogo yaliyosalia yalikwenda haraka. Kodi ya pango la ardhi ilikuwa na malimbikizo ya miaka kadhaa, kama laki nne, akalipa kwa simu. Ridhaa ya mwenzi mzee aliisaini papo hapo. Bila hiyo uhamisho wa nyumba ya ndoa haupiti, hata kama hati ina jina moja. Ofisini kwenye mtaa mtu alitaja asilimia kumi "ya mtaa" kama desturi. Nilimwomba aniandikie barua ya kudai yenye kifungu cha sheria, akasema atanitafuta, hakunitafuta. Isichanganywe na asilimia kumi ya kodi ya mapato. Zinafanana kwa tarakimu tu.

Kodi ya majengo iliibua kichekesho. Mwalimu alikuwa na hakika anadaiwa ya tangu aondoke, kumbe tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, 1,000 kwa mwezi kwanza, kisha 1,500 tangu Julai 2023 kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Aliyekuwa anainunulia umeme ni mpangaji. Yaani mpangaji ndiye aliyekuwa analipa kodi ya nyumba ya mwenzake kwa miaka mitatu, bila kujua wala kukata kwenye pango. Nilimwambia Mwalimu, alinyamaza, na baadaye nilisikia amemrudishia.

Watu wa Mombasa na Nairobi huwa wananiuliza kama hesabu hii inawahusu. Haiwahusu. Kenya kodi hii ilisimamishwa mwaka 1985, ikarudi Januari 2015 kwa asilimia 5 ya faida, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Msamaha wa makazi kule hauna dari ya milioni 15, ila unataka uwe umeishi humo miaka mitatu inayotangulia mara moja mauzo. Mwalimu wetu, mwenye mpangaji tangu 2019, angeukosa Kenya kwa sababu ya kuhamia Morogoro. Huku kwetu kuhama hakukumdhuru, kilichomdhuru ni daraja. Na aliye ughaibuni anayeuza nyumba ya Dar asijipe hesabu za Mwalimu: asiye mkazi ana kiwango chake cha juu zaidi, na ile asilimia 3 imewekwa kwa mkazi.

Tulimaliza kikao cha mwisho kwa wakili siku ya Jumatano. Mwalimu alikubali kodi ni yake. Mnunuzi akabeba stempu, karibu milioni 1.28, pamoja na uthamini na usajili, na kwa hiari yake akaongeza laki tano "za nauli za mzee na boksi lake". Namba ya malipo ilitolewa asubuhi, Mwalimu akalipa 3,840,000 kutoka kwenye ile milioni 100 aliyokwisha kupokea, cheti kikatoka wiki iliyofuata, na milioni 20 zikaingia siku hiyo hiyo. Ukitoa dalali milioni 6, kodi, pango la ardhi laki nne na wakili milioni 1.2, kisha ukarudisha laki tano za nauli, kilichobaki mkononi, kwa maana ya Mwalimu mwenyewe, ni milioni 109 na elfu sitini. Aliandika namba hiyo kwenye kifuniko cha boksi la viatu.

Kitu kimoja hakijaisha. Siku ile mezani, yule kijana wa Mamlaka alipokuwa anafunga faili, aliuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa: "Na tangu 2019 nani alikuwa anaishi mle?" Mwalimu, ambaye hajui kusema uongo, akasema mpangaji, laki mbili na nusu kwa mwezi. Kodi ya zuio kwenye pango ni asilimia 10, na TIN yake, ile namba ya mlipakodi, haikuwahi kuonyesha shilingi ya pango. Kijana akaandika kitu pembeni ya karatasi. Ijumaa Mwalimu anakuja tena kutoka Morogoro, safari hii na daftari la wapangaji.